Majani ya Kulala na Majani ya Kusimama

Katika kikosi chetu hakuna anayesema gugu maji, wala mafunjo. Mimi ndiye niliyekuja na maneno hayo kutoka Mwanza, nilikokaa miaka miwili nikisomea mambo ya ziwa, na kila nilipoyatamka watu wa kazi walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kusema yao. Kwao kuna majani ya kulala na majani ya kusimama. Ya kulala ni yale yanayoelea: gugu maji lenyewe lenye maua ya zambarau, na lile jingine dogo lililokuja baadaye, lenye vijani vilivyokunjamana. Ya kusimama ni mafunjo na matete. Ya kulala ni mgeni, yanatolewa. Ya kusimama ni mwenyeji, yanaachwa. Nimesimamia kazi hiyo upande wa Luzira, ukingoni mwa Kampala, miaka kadhaa na sijaona kitabu kilichoieleza vizuri zaidi.

Watu wa mjini wanalipenda lile ua. Maharusi huja na mpiga picha wao, wakasimama ukingoni, na bibi harusi hutaka ashikishwe moja. Siwakatazi. Nawaambia tu wasikanyage, maana linaonekana kama bustani na chini yake ni maji. Asubuhi unaacha ghuba nyeupe, jioni upepo umegeuka na unakuta shamba zima limehamia, boti zimekwama ndani yake, na wenye boti wanakutazama wewe kama vile umelipanda. Tunaingia na reki na majembe ya meno, tumevaa viatu vya mpira, tunavuta. Linanuka. Ndani yake kuna nyoka, na kuna konokono wa kichocho, na kila mmoja wetu amekwisha kunywa zile dawa za kichocho zinazokufanya uone dunia inazunguka.

Mafunjo hatuyagusi. Yanashika udongo, yanachuja uchafu unaoteremka na mifereji ya Kampala, na samaki wadogo wanajificha humo mpaka wakue. Hayo nawaeleza wageni. Sababu yangu mwenyewe ya kuyapenda yale yaliyokuwa upande wa chini, karibu na kwetu, ilikuwa baba.

Baba alikuwa polisi wa boti. Alitoka kaskazini, Mkristo, na akamwoa mama, Mwislamu wa hapa hapa ambaye babu zake walikuja na jeshi kutoka Sudan enzi za wakoloni. Yeye hakujua Kinubi cha mama, mama hakujua Kiluo chake, basi wakatulea kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli wala mambo mengi. Ijumaa mama alikwenda msikitini, Jumapili baba alikwenda kanisani, na sisi watoto tulikula sikukuu zote bila ubaguzi. Baba alipostaafu walinunua kiwanja kidogo Luzira, kwa sababu alisema hawezi kulala mahali ambapo hasikii maji.

Mama alifariki mwaka juzi. Wakati huo baba alikuwa amekwisha kuanza kusahau, na baada ya mazishi akawa anauliza mama yuko wapi. Wiki ya kwanza nilimwambia ukweli. Kila mara ilikuwa habari mpya kwake, na kila mara alikaa chini polepole na kuweka mikono magotini, na mimi nikawa namzika mama mara nne kwa siku. Basi nikaacha. Nikawa nasema, "Ameenda sokoni, baba." Akawa anatulia, anasema, "Arudi na ndizi." Nadhani ni hapo ndipo ganzi iliponiingia. Ukimwambia mtu mara elfu kwamba mama yako ameenda sokoni, mwishowe hulii tena wala husubiri tena, unasema tu, huku unakoroga chai.

Dada yangu mkubwa anakaa Bukoto, huko mjini, kwenye ghorofa, yeye na mumewe na mlango wenye kufuli mbili. Si mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu katika habari hii ataonekana anakuja kuchukua, na hakuja kunyang'anya. Aliogopa tu kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angekiogopa, mzee anayesahau akikaa kando ya ziwa. Tulibishana mpaka tukachoka, kisha tukakubaliana hivi: muda wote baba anapoweza kwenda ziwani asubuhi peke yake na kurudi peke yake, atakaa kwangu. Siku atakayoshindwa, atahamia Bukoto.

Na alikuwa anaweza. Jina langu lilikuwa linamtoka, siku nyingine aliniita kwa jina la mama, lakini njia ile haikumtoka. Alishuka barabara ya udongo, akampita mama muuza makaa aliyekuwa akimsalimu, "Afande!", akafika kwenye mafunjo. Katikati ya mafunjo palikuwa na mwanya wa upana wa boti moja. Boti za polisi zilipita hapo zamani, na yeye aliuita mlango. Alinyoosha mkono wa kulia akayagusa yale mashina, akatembea huku anayagusa mpaka mlangoni, akasimama, akatazama maji. Akigeuka, aliyagusa kwa mkono wa kushoto mpaka yalipoisha, na yalipoisha ilikuwa barabara yetu. Nilimfuata kwa siri mara kadhaa, najificha nyuma ya makaa kama mwizi. Hakuhitaji kukumbuka kitu. Mkono ulikumbuka.

Akirudi nilikuwa namuuliza, "Baba, ziwa likoje?" naye alijibu kwa sauti ya kazini, "Mlango iko salama." Dada akipiga simu nilimwambia: amekwenda, amerudi. Sikuongeza neno.

Mwaka huu upepo ulileta majani ya kulala kwa wingi ambao sikuwa nimeuona. Ghuba yote ilifunga. Na bosi wetu wa mjini akapiga simu kwamba kuna wageni wanakuja keshokutwa yake kutazama kazi yetu, watazungushwa kwa boti, na yeye anataka waone maji. "Maji," alisema, "si maelezo." Kikosi kilivuta siku mbili tangu mapambazuko.

Alasiri ya siku ya pili nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya ofisi yetu, ambayo ni kontena lililotobolewa dirisha. Nilikuwa nimetoka tu kuongea na dada. Baba alikuwa amempigia mara tatu siku hiyo kumuulizia mama, na dada aliniuliza kwa hasira, "Wewe, hiyo soko gani mtu anaenda miaka miwili?" Alikata simu, na simu ikalia tena ningali nimeishika, nikaona ni msimamizi wangu wa kikosi.

Huyu ni mtu mzima, naye wa ukoo wa wale wale wa Sudan, alikuwa dereva wa lori miaka mingi kabla ya kuja majini. Kiswahili chake kimekaa Kampala muda mrefu, l na r zinabadilishana viti.

"Madam," akasema, "ile ya kurara imeisha. Imebaki ile ya kusimama tu, huku chini. Tutoe yote?"

"Toeni yote," nikasema.

"Yote, madam? Na ya kusimama?"

"Si nimesema yote? Bosi anataka maji."

"Kale, madam," akakubali.

Ningependa kuandika kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Haukuwa mbaya. Nilimsikia vizuri, na neno kusimama nilisikia, na maana yake katika kikosi chetu nilijua kuliko mtu yeyote. Lilipita tu sikioni na halikupata pa kukaa. Nilitaka simu ziache kulia. Nikaingia ndani ya kontena nikaandika orodha ya majaketi ya kuelea kwa ajili ya wageni.

Kesho yake nilitoka nyumbani kabla baba hajaamka, nikaenda gatini kuwapokea. Walikuwa wageni wastaarabu. Walivaa majaketi yao, wakauliza maswali, na boti ikazunguka ghuba yote bila kugusa jani. "Safi kabisa," mmoja alisema. Tukafika upande wa chini, nikauona ukingo wa kwetu. Ulikuwa mwekundu na mtupu, kama kichwa kilichonyolewa. Walikuwa hawakukata tu, waling'oa mafunjo na mizizi yake kwa majembe ya meno, kwa bidii ile ile niliyowafundisha mimi, na kuyasukuma mbali, maji yakayachukua. Palikuwa hapana mlango kwa sababu palikuwa hapana ukuta.

Sikuhisi kitu. Nilimweleza mgeni aliyekuwa karibu nami habari za wadudu wadogo walioletwa zamani kula gugu maji, na nilieleza vizuri, hata akaandika.

Tuliposhuka nikamwendea msimamizi. "Mafunjo yako wapi?"

Akavua kofia. "Madam, wewe ulisema yote. Mimi niliuliza mara mbili."

"Ndiyo. Uliuliza."

"Hata mimi niliona vibaya. Lakini ile ni amri." Baba yake alikuwa askari, babu yake askari. Nilikuwa nimemwajiri kwa sababu hiyo, kwamba ukimwambia kitu kinafanyika.

Hapo ndipo yule mama wa makaa aliponipigia. Aliniambia afande alipita kushuka mapema kabisa, na hajamwona akipanda.

Tulimtafuta kikosi kizima, watu kumi na mmoja na reki zao. Ukingoni tuliona nyayo zake kwenye tope. Zilikwenda huku, zikarudi, zikaenda tena, na mahali pamoja ziliingia majini. Msimamizi alitazama yale maji, kisha akanitazama mimi, akaanza kuvua shati. Nakumbuka nilifikiri kwa utulivu kabisa kwamba shati lile linahitaji kifungo.

Lakini nyayo zilitoka mbele kidogo, zikafuata ukingo mpaka barabara kubwa. Tulimpata kwenye lango la lile gereza kubwa la Luzira. Alikuwa amekaa kwenye benchi la watu wanaosubiri kuona wafungwa wao, mgongo umenyooka, suruali imelowa mpaka magotini, kiatu kimoja hakipo. Wanawake wenye mabakuli ya chakula walikuwa wamempa nafasi katikati yao, na mmoja alikuwa amemfunika kanga mabegani.

"Nyabo, ni mzee wako?" yule mwanamke akaniuliza. "Bambi, maskini, tumemkuta barabarani anatafuta mlango. Kila mtu anamuuliza, mlango iko wapi, mlango iko wapi. Sisi tukajua ana mtoto wake humu ndani. Tukamleta kwa mlango."

Nikamshukuru. Walikuwa wamemsaidia kwa moyo wote. Luzira, mzee akiuliza mlango na anakaribia kulia, kuna mlango mmoja tu ambao mtu mwema atamwonyesha.

Siku iliyofuata nilimshika mkono nikampeleka ukingoni mwenyewe. Nilidhani akiniona pale, akiona maji, atazoea. Alisimama mwisho wa barabara akanyoosha mkono wa kulia, na mkono ukabaki hewani. Alitazama ule udongo muda mrefu. Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Uso wake ulikuwa wa polisi aliyefika mahali palipoibiwa.

"Nani amekata?" akauliza.

"Watu wa kazi, baba."

"Watu gani wa kazi? Hii haikatwi." Akanigeukia, na nikaona kwamba hanijui, nilikuwa mwanamke fulani mwenye viatu vya mpira. Akapunguza sauti kwa heshima, jinsi alivyokuwa akisema na raia. "Mama, mimi niko na binti yangu kwa kazi ya ziwa. Amesoma. Nitamwambia hii maneno. Yeye hawezi kukubali."

"Mwambie, afande," nikasema.

"Nitamwambia leo."

Nilimrudisha nyumbani nikampigia dada. Nilimwambia baba amepotea, amepatikana, na kwamba watu wa kazi walikuwa wamekata mafunjo. Sikusema uongo hata neno moja, na hadi leo ndilo jambo linaloniudhi zaidi, jinsi ukweli ulivyonifichia vizuri. Dada alikuja mchana huo huo. Hakunisuta. Alikunja nguo za baba, akaweka redio yake, Biblia yake, na ile tasbihi ya mama ambayo baba hulala nayo chini ya mto. Akaniambia, "Wewe pia pumzika, mdogo wangu. Si kosa lako." Nikamsaidia kufunga zipu ya begi.

Nyumba ikawa haina anayeuliza mama yuko wapi. Siku chache za kwanza nilijikuta nikikoroga chai na kusema, ameenda sokoni, wala hakuna aliyeniuliza.

Kule ukingoni majani ya kulala yalirudi kabla ya mwezi kwisha. Yakapata udongo mtupu usio na mtu wa kuyazuia, yakapanda mpaka kwenye tope, yakakaa. Wavuvi walisema maji yamekuwa machafu zaidi ya zamani. Mimi na msimamizi tulikwenda na boti kwenye kinamasi cha mbali tukachimba vipande vya mizizi ya mafunjo, vinene kama mihogo, tukaja tukavipanda kwenye tope jioni baada ya kazi, tumepiga magoti. Hakuniuliza ni amri ya nani. Siku moja tu, akiwa anasukuma tope kwa viganja, alisema bila kunitazama, "Madam, siku nyingine mimi nitauliza mara tatu."

"Uliza mara tatu," nikamwambia.

Yamechipua. Sasa yananifika kiunoni. Mwanya tumeuacha, upana wa boti moja, na nimepima mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumapili naenda Bukoto. Wanamtunza vizuri, naweza kuapa. Amenenepa. Chumba chake kina dirisha linalotazama ghorofa nyingine na matangi ya maji na nguo zilizoanikwa, na kila asubuhi, dada ananiambia, anaamka na kutembea ukumbini akigusa ukuta kwa mkono wa kulia mpaka kwenye ule mlango wenye kufuli mbili. Anasimama. Kisha anarudi akigusa kwa mkono wa kushoto. Dada alinieleza hayo huku anacheka kidogo, alidhani ni mazoezi. Nilicheka pia. Nikaenda chooni nikafungua bomba nikasubiri nilie, sikulia, nikafunga bomba.

Jumapili iliyopita dada alikuwa jikoni na baba alikuwa ameketi dirishani. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake. Sikujua kama siku hiyo mimi ni binti yake au mkewe au raia, na niliona haijalishi.

"Baba," nikasema, "ile mafunjo ya mlango. Mimi ndiye nilisema wakate."

Akanitazama.

"Waliniuliza, nikasema yote."

"Yote?" akasema. "Hata ya kusimama?"

Lile neno sikuwahi kumfundisha. Labda alilisikia kwa watu wangu, asubuhi zile alizopita wakimwamkia, au labda polisi wa boti nao walisema hivyo zamani, na mimi nilidhani ni la kikosi changu.

"Hata ya kusimama, baba."

Akaweka mikono magotini. Nilimwogopa, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto, na woga ule ulikuwa kitu cha kwanza kunifika baada ya miaka miwili. Niliusikia mpaka vidoleni.

"Ulikuwa umelala?" akauliza. Aliuliza bila ukali. Ni swali alilowauliza askari wake wa zamu, na lilikuwa swali la huruma, maana mtu akikubali kwamba alilala, ni kosa dogo, linaandikwa na kuisha. Alikuwa ananipa njia.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Nilikuwa nimesimama."

Alifikiri. Jikoni dada alikuwa anaosha vyombo.

"Basi andika hivyo," akasema.